Kidato cha Tano Chetu Wenyewe

Bibi Evodia alikuwa na sheria moja katika mchezo wa vitendawili, na hakuwahi kuilegeza: anayeshindwa kutegua atoe mji, lakini uwe mji aliowahi kuukanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Kumpa mwenzio mji usioujua, alisema, ni kama kumgawia ng'ombe wa jirani. Ndiyo maana mjukuu wake Dina, tangu alipoanza kucheza akiwa na miaka sita, hakuwa na miji zaidi ya mitatu: Ilongero, Mkiwa na Singida Mjini.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Kutwa kucha yuko safarini, na hajafika popote.”

“Ng'ombe wa Mzee Melkizedeki.”

“Acha kumsema mzee wa watu. Nipe mji.”

“Chukua Mkiwa, Bibi.”

“Mkiwa tena! Ina vumbi hiyo, kila siku nakwenda narudi. Haya. Nilikwenda Mkiwa, wa Mkiwa wakanipokea, wakanipa kigoda na maji ya kunywa. Wakaniuliza, Evodia, ni nani huyo aliye safarini na hafiki? Nikawaambia, mlango wa nyumba yangu.”

Walikuwa wawili tu ndani ya ule mlango. Magreth, mama yake Dina, aliolewa Tabora mtoto akiwa na miaka minne, akaahidi kumfuata baada ya mavuno. Mavuno yamekuja na kupita mara kumi na tatu. Bibi hakulalamika. Alipewa mtu wa kumwambia “kitendawili” naye akajibiwa “tega”, na kwa mtu wa umri wake hiyo ni mali. Kilichomnyima raha ni kidato cha nne. Sekondari ya kata, ile iliyopakana na shamba lake, iliishia hapo. Kila mwaka waliofaulu walipanda bodaboda na masanduku yao ya bati, na kwa wengi wao ndiyo ikawa imetoka.

Kwa hiyo mwaka juzi, baada ya kuvuna, mwenyekiti wa kijiji Simeoni alipoitisha mkutano, Bibi Evodia alifika wa kwanza na kukaa mbele. Mkuu wa shule, Mwalimu Sostenes, alisimama akasema yeye na bodi ya shule wameamua.

“Tumechoka kulea watoto wa kwenda kumalizia kwa wenzetu. Tunataka kidato cha tano na sita chetu wenyewe. Madarasa mawili tunayo. Tunachokosa ni bweni la wasichana, na mahali pa kulijenga.”

Watu wakageuza shingo polepole. Upande mmoja wa shule ulikuwa majabali matupu, upande wa pili barabara, na upande wa tatu ekari moja ya alizeti ya Bibi Evodia.

“Bibi,” Chrispin fundi akatania kutoka nyuma, “alizeti haifanyi mtihani, mwachie mwenye kufanya!”

“Na wewe hukuufanya, mbona tumekuachia nafasi hapo?” Bibi akamjibu. Mkutano ukacheka. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri. “Lichukueni. Mimi nina mtoto wa kusoma.”

Walimpigia makofi mpaka akaona haya.

Hesabu yake ilikuwa hii. Siku kisima cha kijiji kilipochimbwa, Mzee Melkizedeki ndiye aliyetoa mahali. Mpaka leo, foleni iwe ndefu vipi, ndoo ya nyumba ya Melkizedeki hukinga kwanza. Hakuna aliyeandika jambo hilo, na hakuna asiyelijua. Mwenye ardhi anakunywa wa kwanza. Basi aliyetoa mahali pa bweni, mtoto wake atakosaje dawati? Mwalimu Sostenes alisema pale pale mkutanoni kwamba wanafunzi watapangwa na serikali kutoka kila mkoa. Bibi alisikia. Alisikia kama mtu asiye na mbuzi anavyosikia tangazo la mnada wa mbuzi.

Kazi ikaanza. Mawe Singida si ya kutafuta, ni ya kuchagua. Mwaka mzima, kila Jumamosi, wanaume waliyapasua na wanawake wakayabeba, na Bibi Evodia, mwenye ruhusa ya uzee ya kukaa nyumbani, akabeba pia. Alibeba akiimba. Kila jiwe lililoingia kwenye msingi alilitazama akasema moyoni, hili ni la mwezi mmoja wa Dina, na hili la mwezi mwingine. Miaka miwili ni miezi ishirini na minne, na yeye alibeba zaidi ya hapo. Dina alikuwa akibeba nyuma yake, hasemi neno. Bibi alidhani ni uzito wa jiwe.

Dina akafanya mtihani, akafaulu vizuri. Mwezi wa sita orodha ya kidato cha tano ikatoka, na Sixbert wa bodaboda, mwenye simu kubwa, akaja nayo mpaka uani.

“Shikamoo Bibi. Hongera! Dina amechaguliwa.”

“Marahaba, baba. Najua. Nimeshafagia na njia ya kupita kwenda bwenini.”

Sixbert akakuna kichwa. “Bibi, amepangiwa Kagera.”

“Tazama vizuri.”

“Nimetazama. Shule ya wasichana, Kagera. Hapa kwetu wamepangiwa wa Tanga, wa Mara, wa Mtwara... Arobaini.”

Bibi alichukua fimbo yake akaenda shuleni, akamkuta Mwalimu Sostenes anahesabu magodoro mapya. Mwalimu akamwamkia na kumtolea kiti. Hakukaa.

“Nimekuja kuulizia zamu yangu ya maji,” alisema.

Mwalimu, mzaliwa wa hapo hapo, alielewa mara moja, na uso ukamshuka. Akamweleza taratibu kwamba wa kupanga si yeye. Tena hata angekuwa yeye, shule yao imeruhusiwa masomo ya historia na lugha tu, maabara hawana. Dina alijaza fizikia, kemia na baiolojia.

“Alijaza lini?”

“Mwaka jana, Bibi. Wakati tunabeba mawe.”

Njia ya kurudi ilikuwa hatua mia mbili, na siku hiyo alipumzika mara tatu. Alimkuta Dina ameinamia ungo, anachambua choroko.

“Ulijua?”

Vidole vya Dina vikasimama. “Nilijua, Bibi. Nataka kusomea udaktari. Hapa hakuna.”

“Ukaniacha nibebe mawe.”

“Ulikuwa unaimba.” Dina alianza kulia bila sauti. “Kila Jumamosi nasema leo namwambia. Halafu unajitwika jiwe, unaanza kuimba. Ningekwambia saa ngapi?”

Bibi Evodia alilitafuta neno kali, na lilikuwepo, tena tayari mdomoni. Lakini alimwona Magreth katika lile paji la uso, na Magreth aliondoka hapa na neno kali mgongoni, pengine ndilo lililomkalisha huko. Akalimeza.

“Choroko zina mawe hizo,” alisema. “Chambua vizuri.”

Mwezi wa saba, asubuhi ya safari, Sixbert alifunga sanduku nyuma ya pikipiki. Dina akapiga goti kuaga. Bibi akamshika kichwa.

“Kitendawili.”

“Bibi, basi litaniacha!”

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Mama yuko kwake, mwana anazalia kwa jirani, na kamba ya kitovu haijakatika.”

Dina alifikiri mpaka Sixbert akapiga honi. “Sijui.”

“Nenda nacho. Utanijibu huko huko.”

Wiki hiyo hiyo wasichana arobaini wakashuka kutoka kwenye mabasi. Walipita mbele ya uzio wake wakisema “Shikamoo Bibi”, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba arobaini, mpaka koo likakauka. Walikuwa watoto wazuri. Jioni kicheko chao kilivuka uzio kikafika jikoni kwake, na yeye akajikuta amesonga ugali wa watu wawili. Mara moja alimwambia mbuzi “kitendawili”, akaona aibu, akaingia ndani.

Nyuma ya jiko alikuwa na shina la boga, linalokunywa maji ya vyombo. Shina lilikuwa lake, lakini mtambaa wake ulishapenya uzio kitambo. Maboga yote yalilala upande wa bweni, na wasichana waliyakalia wakisukana nywele. Aliwaacha.

Shuleni kwa Dina simu hazikuruhusiwa, ila matroni alitoa ya kwake Jumapili moja kwa mwezi, dakika tatu kila mtoto. Jumapili ya kwanza Sixbert alikuja na simu mchana, akaiwasha sauti kubwa, akakaa pembeni.

“Shikamoo Bibi!”

“Marahaba, mama. Unakula?”

“Nakula. Ndizi kila siku. Wewe je? Mgongo?”

“Upo. Jibu langu?”

Nyuma yake zilisikika sauti za wengine wakimwambia afanye haraka.

“Nimeshindwa, Bibi. Nimewauliza na wenzangu, wameshindwa. Chukua mji.”

“Usinipe Mkiwa.”

“Chukua Bukoba. Nimeikanyaga, tulipita kununua ndoo. Kuna ziwa, Bibi, Singidani yetu ni kidimbwi tu. Huoni ng'a...”

Simu ikakatika. Sixbert akaipiga mara mbili, haikupokelewa. “Zamu ya mwingine hiyo,” akasema, akaaga taratibu.

Bibi Evodia akabaki kwenye kigoda na mji mpya mkononi, mkubwa kuliko yote aliyowahi kupewa. Sheria ni sheria, mji ukipewa lazima uende.

“Nilikwenda Bukoba,” aliuambia uwanja alioufagia asubuhi. “Wa Bukoba wakanipokea, wakanipa kigoda na maji. Wakaniuliza, Evodia, umefuata nini mbali hivi? Nikawaambia, namtazama mtoto kama anakula. Wakaniuliza, ni nani huyo aliye kwake, mwana akazalia kwa jirani?”

Upande wa pili wa uzio wasichana walikuwa wamekaa juu ya maboga. Mmoja akainua kichwa kumtazama bibi anayesema peke yake.

Jibu hakulisema. Alilibakiza kwa ajili ya mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, akainuka kumwagilia shina.