Mwenye Usukani Hasemeshwi

Kwa akina Hollis kulikuwa na sheria moja ambayo hata mchungaji wao asingethubutu kuivunja: samaki aina ya besi wakichemka juu ya maji, mwenye usukani hasemeshwi. Nyigu akuume, kofia ipeperuke, haja ikubane, utanyamaza mpaka boti ifike na injini izimwe. Mzee Delmer aliirithi kwa baba yake, na kibao pekee alichowahi kumpiga bintiye Rhonda alimpiga kwa sababu ya sheria hiyo, Rhonda angali msichana mdogo. Kwa hiyo walipoishusha boti majini asubuhi ile, Rhonda alikaa karibu na baba yake, mikono katikati ya magoti, moyo wake uko juu juu.

Wala si samaki waliomtia hofu. Ni kesho yake. Kesho Mzee Delmer alikuwa amchukue Kaycee, mtoto wa Rhonda, waende ziwani wawili peke yao, kama alivyomchukua kila mjukuu aliyetimiza miaka kumi. Mtoto alikuwa ameshaandaa hata soksi. Na Rhonda, tangu theluji ilipoyeyuka, alikuwa akimwona baba yake akifanya mambo yasiyoeleweka. Mara funguo za gari zimekutwa ndani ya friji. Mara amesimama kwenye duka la chambo anamwuliza muuzaji yeye ni mtoto wa nani, na muuzaji mwenyewe ni mtu aliyekua naye. Rhonda alipomweleza mdogo wake Curtis, Curtis alicheka.

"Dada, hata mimi nasahau funguo. Unamzeesha mzee kwa nguvu."

"Sisemi amezeeka. Nasema anapotea."

"Anapotea wapi? Haya, twende naye Jumamosi, akae yeye kwenye usukani, tuone nani atapotea. Lile ziwa mzee analijua gizani."

Basi ndivyo walivyokuja, wanne ndani ya boti moja, Kaycee akiwemo, wawili wakimpima baba yao bila mwenyewe kujua. Ni aibu, najua. Kumtegea mzazi mtego kama panya wa stoo si jambo la kujivunia. Lakini wewe ungefanyaje, ungempa mtoto wako halafu ukae nyumbani uombe Mungu?

Na mzee alianza vizuri ajabu. Aliendesha taratibu, akamfundisha Kaycee kufunga fundo la chambo, akamtania Curtis kwamba tumbo lake linaielemeza boti upande mmoja.

"Mimi ndiye nanga, Baba," Curtis akasema, mdomo umejaa mkate. Kisha akamkonyeza dada yake, kama kusema, umeona sasa?

Rhonda aliona, akatamani mno awe ni yeye aliyekosea. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya kuchekwa na Curtis mwaka mzima.

Sasa, ziwa lile la Oklahoma si la kuchezea mwishoni mwa Agosti. Walipojenga bwawa hawakukata miti. Waliuzamisha msitu mzima, na kiangazi maji yakishuka, visiki vinabaki chini kidogo tu ya uso wa maji, havionekani, vinangoja. Njia salama ni moja, juu ya mkondo wa mto wa zamani. Wengine waliifuata kwa vioo vya umeme vinavyoonyesha kina cha maji. Akina Hollis waliifuata kwa macho: ukiliona tangi kubwa la maji la mjini, lile jeupe lenye miguu mirefu, linaonekana kama limekaa juu kabisa ya paa la kanisa, uko kwenye mkondo, kanyaga mafuta. Alama hiyo ilikuwa urithi wao, na waliringa nayo.

Ila majira ya kuchipua ya mwaka huo tangi lile lilibomolewa. Mji ulijenga jingine mashariki zaidi, jeupe vilevile, miguu mirefu vilevile, jina la mji lilelile ubavuni. Siku ya kulibomoa watu walikwenda kutazama kama sherehe, na Mzee Delmer alibeba kiti chake cha kukunja akakaa mstari wa mbele. Tangu hapo alikuwa akiwaambia wote: sasa tunatumia kona ya ukuta wa bwawa, sahauni tangi.

Jua lilikuwa limepanda Kaycee aliposimama ghafla huko mbele, mkono umenyooka. "Babu, shakwe."

Ndege walikuwa wamekusanyika mbali kule, wanapiga mbizi na kuibuka. Chini yao maji yalikuwa yakichemka. Besi weupe walikuwa wamewasukuma dagaa hadi juu, wanawala kwa fujo, na karamu ya namna hiyo haidumu. Ukichelewa kidogo, unakuta maji yametulia kama hapakuwa na kitu.

"Kaeni," mzee akasema, akasukuma mpini wa injini hadi mwisho.

Boti ikainua pua. Kaycee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele kabisa, nywele zinapepea, anacheka. Rhonda akageuka kuutafuta ukuta wa bwawa, akaona kona haiko inapotakiwa kuwa. Akamtazama baba yake. Macho ya mzee hayakuwa kwenye ukuta. Yalikuwa yameganda kwenye tangi jipya jeupe, nalo lilikuwa limekaa sawasawa juu ya paa la kanisa.

Mtu mzima, mama wa mtoto, ameshazika mama yake mwenyewe, na bado kile kibao cha utotoni kilimzuia ulimi. Mbele kulikuwa na maji matulivu, mazuri, na mwanawe ambaye angekuwa wa kwanza kurushwa boti ikigonga.

"Baba," akasema. Mzee hakugeuka. "Baba, hilo tangi ni jipya. Baba, punguza."

"Kaa chini, Wanda," mzee akamjibu, sauti ya upole kabisa. "Nawaona samaki."

Curtis, aliyekuwa akitayarisha mishipi, akainua kichwa. Wanda lilikuwa jina la marehemu mama yao, mtu pekee aliyezoea kumwita mzee Del.

Rhonda hakungoja zaidi. Kamba nyekundu ya usalama, ile inayozima injini ikichomoka, ilikuwa imeshikizwa kwenye mkanda wa mzee. Aliidaka kwa mikono yote miwili akaivuta. Injini ikakata. Boti ikashusha pua kwa kishindo, wimbi lake lenyewe likaipiga nyuma na kuisukuma mbele. Curtis akajirusha akamshika Kaycee kwa jaketi lake la kuelea. Kisha wakateleza kimyakimya, taratibu, taratibu zaidi, hadi kitu kikagonga chini ya boti, pigo dogo la kawaida, nao wakasimama.

"Nani amezima injini yangu?" Mzee Delmer alikuwa amewiva uso. "Wale pale, mnawaacha waende."

"Mimi, Baba."

"Una wazimu?"

"Baba." Curtis alikuwa ameinama ukingoni, hamwachii mtoto. Kisiki cheusi, kinene kuliko kiuno cha mtu, kilikuwa pale pale chini ya maji, na nyuma yake kingine, na kingine. "Baba, tuko msituni."

"Msituni wapi? Tangi liko juu ya kanisa. Tazama mwenyewe."

"Lile walilivunja. Ulikuwepo. Ulikuja na kiti chako." Sauti ya Curtis ilikatika. Miezi yote alikuwa akimcheka dada yake, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Mzee alilitazama tangi. Alilitazama muda mrefu, kisha maji, kisha mikono yake mwenyewe. Shakwe walikuwa wameshatawanyika.

"Mama," Kaycee akanong'ona, "mbona Babu anakuita jina la Bibi? Na kesho je?"

"Kesho tunakwenda wote," Curtis akamwambia. "Nyamaza, mwanangu."

Rhonda aliogopa kwamba baba yake angefoka, au angesema alikuwa akiwapima akili, na wote wangelazimika kucheka. Hakufoka. Aliinuka kwenye kiti chake, akishikilia bega la Rhonda asiyumbe, akasogeza kinywa karibu na sikio lake. Kila mtu ndani ya boti alimsikia.

"Shika wewe, Wanda. Njia zinanipotea siku hizi. Mwaka wa pili sasa. Usiwaambie watoto, tafadhali. Usiwaambie."

Curtis akauficha uso wake kwenye kofia ya Kaycee.

Rhonda akamketisha baba yake pale alipokuwa ameketi yeye, akamfungia jaketi vizuri kifuani, kifungo kwa kifungo. Akaishikiza ile kamba nyekundu kwenye mkanda wake mwenyewe.

"Siwaambii, Del," akasema.