Daraja la Wageni

Kila asubuhi alianza na mtoto, kisha kiti. Alifunga breki za kiti cha magurudumu chini ya ngazi, akageuka, akachuchumaa, na binti yake akamkumbatia shingoni. Akishampandisha hadi kibarazani alimkalisha sakafuni, mgongo ukutani, akateremka kufuata kiti. Kiti kilikuwa chepesi kuliko mtoto, ila kilikuwa na vyuma vilivyochoma. Mchana alirudi kufanya hivyohivyo kinyumenyume: kiti kwanza, kisha mtoto. Katikati ya hapo alifua nguo za watu.

Shule ilijengwa juu ya msingi mrefu kwa sababu ya maji ya mvua. Hapakuwa na darasa lisilo na ngazi. Binti alikuwa anaingia miaka kumi na mmoja na alikuwa anakula vizuri, jambo ambalo mama alilifurahia na kuliogopa kwa pamoja. Kwenye zahanati walimwambia pingili za kiuno zimeanza kusagana, asibebe kitu kizito. Alikwenda kumweleza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama. Sasa ukishindwa kumpandisha, itabidi apumzike nyumbani mpaka ufumbuzi upatikane."

Hakusema nani anautafuta.

Jumanne iliyofuata walikuta daraja.

Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya buluu, limelazwa juu ya ngazi kutoka ardhini mpaka kibarazani, na upande mmoja lilikuwa na reli ya kushikilia. Mama aliligonga kwa kiatu. Halikutikisika.

"Nisukume," binti alisema. Kisha akabadili. "Hapana, mama, niache. Nipande mwenyewe."

Akamwacha. Mtoto alisukuma magurudumu kwa viganja, akasimama katikati kuvuta pumzi, akasukuma tena. Wenzake walijazana juu.

"Rubani huyo! Rubani anapaa!"

"Pisheni uwanja, ndege itawakanyaga!"

Jina hilo walimpa tangu darasa la kwanza na yeye mwenyewe alilipenda. Alipofika juu alijizungusha mara moja bila sababu yoyote, akaingia darasani na wengine. Mama alibaki chini, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini amevaa tai.

"Umeona mambo?"

"Nimeona, mwalimu. Mungu awabariki."

"Leo tuna wageni kutoka chuo kikuu. Wanatafiti elimu jumuishi, yaani watoto kama wako wasome na wenzao darasa moja. Watataka kukuhoji, kwa hiyo usiende mbali."

"Mimi nitawaambia nini, mwalimu?"

"Unachokiona." Akashusha sauti. "Ila uelewe, shule ikionekana nzuri, wakubwa wanatukumbuka. Ikionekana mbovu, tumekwisha, na wa kwanza ni huyo binti yako."

"Na daraja litabaki?"

"Tupate kwanza alama nzuri. Mengine yatafuata."

Mhadhiri alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, sauti imekauka kwa kuuliza maswali yaleyale shule baada ya shule. Walikaa kwenye benchi kibarazani. Mwalimu mkuu alisimama hatua chache kutoka hapo, akipangusa reli ya daraja kwa leso.

"Mama, ushiriki wako ni wa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote na hutapoteza chochote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Mazingira ya shule yanamwezesha mtoto wako kufika darasani. Utasema ni mabaya, ya wastani, mazuri, au mazuri sana?"

"Leo?"

"Kwa ujumla."

Leso ilisimama. Mama aliliangalia daraja.

"Mazuri sana."

"Mtoto anafika darasani bila kubebwa?"

Kiuno kilikuwa kinamuuma kwa kukaa tu. "Anafika mwenyewe."

Mhadhiri aligusa kioo cha kishikwambi. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nyinyi mna nafuu. Tulikotoka wazazi wanalia."

Kijana wa chuo aliyekuja naye alimwomba Rubani ateremke na kupanda tena, apate picha. Rubani aliteremka na kupanda. Kijana akasema jua lilikuwa upande mbaya. Rubani aliteremka na kupanda tena, anacheka, jasho linamtoka puani. Kisha akarudi darasani.

Mhadhiri alipokuwa akifunga begi ili aende ofisini kunywa chai, mama alisogea.

"Daktari, samahani. Lile la saruji mtatujengea lini?"

"La saruji?"

"Daraja. Mwalimu alisema tukipata alama nzuri mengine yatafuata."

Mhadhiri alimtazama vizuri. "Mama, fedha za mradi zinakwenda kwenye shule ambazo watoto hawawezi kufika darasani. Hii imefaulu. Sasa ni shule ya mfano."

Mama aliligeukia daraja.

"Lakini hilo limeletwa leo. Jana nimembeba. Kila siku nambeba."

Kwenye reli palikuwa na mahali rangi imebanduka zamani, umbo la kiatu. Macho ya mhadhiri yalitua hapo, yakakaa, kama mtu aliyekutana na sura anayoifahamu. Kisha akavuta zipu ya begi.

"Majibu yako nimeshayatuma. Siwezi kubadilisha jibu la mhojiwa baada ya mahojiano. Nitaambiwa nimekushawishi."

"Uliniambia naweza kujitoa."

"Hiyo ni haki yako. Ukijitoa, maneno yako yanafutwa. Picha za shule zinabaki."

"Kwa hiyo nikisema na nikinyamaza ni mamoja?"

"Pole, mama," mhadhiri alisema, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amechoka kweli. Akaenda kunywa chai.

Gari la mizigo lilikuja wakati vikombe vinagongana ofisini. Dereva na mwenzake walishuka wakaanza kuchomoa daraja.

"Pisha kidogo, dada yangu."

"Mnalipeleka wapi?"

"Shule inayofuata. Lazima lifike kabla ya wageni." Dereva alinyanyua upande wake, akakunja uso. "Mali ya ofisi ya elimu hii. Limesoma shule nyingi kuliko mimi."

Alicheka peke yake.

"Mtoto wangu yuko juu. Subirini basi ateremke."

"Na wageni wakifika wakakuta ngazi? Nikale wapi mimi?"

Kengele iligongwa vumbi la gari halijatulia. Watoto walimwagika ngazini. Rubani alitoka wa mwisho, kwa kasi, magurudumu yanaimba sakafuni, akageukia upande wa daraja.

"Simama!" mama alipaza sauti kutoka chini.

Rubani alishika magurudumu kwa viganja vyote viwili. Yale madogo ya mbele yalisimama ukingoni kabisa. Alitazama chini, akatazama kushoto na kulia, kama kitu kile kikubwa kingeweza kuwa kimesogezwa tu.

Mama alipanda mbio, akageuka, akachuchumaa, akambeba. Alikuwa ameshafika katikati ya ngazi mtoto aliposema sikioni mwake, "Kiti kwanza, mama. Umesahau kiti."

Wageni walikuwa wanatoka. Mwalimu mkuu alimwona mama na mzigo wake, akacheka kwa upole.

"Hawa wazazi wetu, daktari. Kudekeza tu. Mtoto mwenyewe umemwona anavyopanda."

Mhadhiri alisimama kando, akabana begi kifuani, akasubiri mama amalize kushuka. Kisha akateremka. Gari lao liliwashwa.

Mama alimkalisha binti kwenye ngazi ya mwisho na kuanza kupanda kufuata kiti, mkono ukutani, maana reli haikuwepo. Juu, kwenye vumbi la kibaraza, alama za magurudumu zilikwenda sambamba mpaka ukingoni, zikaishia hapo.