Mlango wa Duka la Mikate

Agosti ndiyo sikukuu ya Armelle Vidalenc. Mwezi huo Waparisi wanakimbilia baharini, maduka ya mtaa wetu wa Ménilmontant yanafungwa, na milango yake ya chuma ya kukunja juu inakaa imeshushwa mchana kutwa. Hapo tu ndipo hadithi aliyoichora juu ya milango hiyo inasomeka yote, duka kwa duka, kuanzia chini ya mteremko kwangu mimi, Ghislaine muuza vifungo, hadi juu kwa fundi saa. Miezi mingine ukipita unaona maduka tu.

Ni hadithi ya utoto wake. Kwangu, baba na binti wanafika stesheni. Kwa muuza samaki, baba anamwambia anakwenda kununua sigara, atarudi sasa hivi. Kwa kinyozi, binti amekaa juu ya sanduku peke yake, taa zinawashwa. Kwenye duka la mikate baba anarudi mbio, koti linapepea. Kwa fundi saa binti amekuwa mtu mzima, ana brashi mkononi.

Huyo mwanamume wa koti ndiye aliyempa Armelle jina. Alianza kumchora kwa kujificha, akakamatwa, akatozwa faini, akatoka akamchora tena ukuta wa pili kutoka kituo cha polisi. Baadaye wenye majumba ya sanaa waliomwita mchafuzi wakaanza kumbembeleza. Lyon, Marseille, Brussels, kote amemkimbiza ukutani mwanamume yule. Naye Armelle mwenyewe hatulii. Hajamaliza ukuta huu, macho yako kwenye ule. Waume wawili wameshindwa naye. Mimi ningeshindwa siku ya kwanza, ila nampenda.

Waandishi wa magazeti wakimuuliza, jibu lake ni moja: "Ni baba yangu. Alinirudia." Aliyekuwa hajaiona picha hiyo ni baba mwenyewe, mzee Régis, wa milimani kule Aurillac. Kila akialikwa ng'ombe wake wanaumwa. Ameuza ng'ombe, bado wanaumwa.

Agosti hii alikuja kumzika dada yake, na treni ya jioni ilikuwa imrudishe. Armelle aliingia kwangu asubuhi kwa mlango wa nyuma, hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Leo ataiona, Ghislaine. Mdomo wangu haujawahi kuzungumza naye jambo hili. Asipoiona leo, basi tena, tutazikana hivihivi."

"Sasa unahangaika nini?"

"Duka la mikate liko wazi."

Mwokaji wetu wa zamani alikuwa amestaafu, na Nizar, aliyelinunua duka, hakuwa na habari ya kwenda baharini. Tulimkuta katikati ya foleni iliyofika kwenye kona.

"Kaka Nizar, nishushie mlango dakika tano tu," Armelle akamwomba.

"Dada yangu, mtaa mzima umefunga, hawa wote ni wangu. Nishushe mlango, nile picha?"

"Baba yangu anakuja kuiona."

"Karibu sana. Mikate iko ya moto."

"Mama, panga foleni kama wenzako," akasema bwana mmoja mwenye mbwa.

Armelle akatoka, akarudi, akatoka tena, akaushika mlango ule uliokunjwa juu kama anayepima iwapo utamvunja mgongo. Nikamwambia atulie, ananitia kizunguzungu. Hakunisikia. Mwishowe Nizar akachoka naye: foleni ikiisha atashusha, sharti amwache auze kwa amani.

Kumbe mzee alikuwa amefika mapema. Alikuwa ameanzia kwangu, akapanda kwa muuza samaki, akasimama sana kwa kinyozi. Kwenye mikate akakuta watu na mikate, akapita. Alimalizia kwa fundi saa, kisha akateremka hadi tulipokuwa, kofia mkononi, macho mekundu.

"Umechora kweli tupu," akamwambia binti yake. "Miaka yote naogopa kuja. Kijijini wanasoma magazeti, wananiambia unasema nilirudi. Nikasema nitasimamaje mbele ya uongo ule? Kumbe hukunisitiri. Ahsante, mwanangu."

Nikamgeukia Armelle. Miguu yake ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Niliumia, sifichi. Miaka yote hiyo nilikuwa nawasimulia wateja wangu jinsi baba yule alivyorudi mbio, na mara nyingine nilitoa machozi.

Bwana mwenye mbwa alikuwa wa mwisho. Nizar akamkabidhi mkate wake, akatoka na fimbo ya kuvutia mlango. "Haya, ahadi ni deni," akasema.

"Nizar, acha," Armelle alisema, lakini chuma kilikuwa kimeshaanza kelele zake. Viatu vikashuka, likafuata koti, ukafuata uso.

Mzee akausogelea mlango.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Sikurudi, Armelle."

"Najua, baba. Nilikuwepo."

Akaizungusha kofia mikononi. "Sikwenda mbali siku ile. Nilikaa kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara. Nilikuangalia mpaka mama mmoja mkata tiketi wa stesheni alipokushika mkono. Miguu ilinikatalia."

"Nilikuona," Armelle akasema. "Ulikaa dirishani na koti lako hilo la pichani. Nilikuwa nangoja uvuke."

Mzee akavaa kofia, akaivua tena. Sikumwonea huruma, Mungu anisamehe.

Mama mmoja alikuwa amesimama na kikapu chake, anataka mkate. Nizar akaja taratibu na fimbo yake, akauliza kwa sauti ya chini kama apandishe mlango.

"Bado," Armelle akamjibu. "Mwache aangalie."