Sumaya Baada ya Kolera

Sumaya alitoka kwenye mahema ya wagonjwa wa kolera akiwa amepona. Mumewe, Massoudi, fundi wa magari mtaani Buyenzi, hakumgusa. Alimwongoza kwa kunyoosha kidole tu mpaka chumba cha uani alichokuwa akiwekea injini mbovu. Injini zilikuwa zimesukumwa ukutani. Sakafuni palikuwa na mkeka, ndoo na chupa ya javeli, dawa ya kuulia vijidudu.

"Ni siku chache tu, Mama Houda," alisema. "Mama anaogopa. Anamuogopea mutoto."

Mama yake Massoudi, bi Mwanvua, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kajiziba pua kwa kitenge. Houda, binti yao mdogo, alipoinua mikono ili mama yake ambebe, bi Mwanvua alimvuta nyuma kwa nguvu kama anamwondoa jalalani.

Siku chache zikawa wiki, wiki zikapita mwezi. Sumaya hakuwa na pa kukimbilia. Ndugu zake walikuwa wamehamia Uvira tangu mtaa wao ulipochomwa vitani, na barabarani kulikuwa na askari. Chakula chake kilisukumwa ndani kwa mpini wa ufagio: bugali uliopoa, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokwisha kutuliwa na nzi. Sahani yake ya plastiki ilipakwa rangi ya gari isije ikachanganyika na nyingine. Kila alipomaliza kula, bi Mwanvua aliimwagia javeli huku akitema mate pembeni.

Mwanzoni Sumaya alikasirika. Halafu akaanza kuwaamini. Alinusa vidole vyake akasikia harufu ya choo, hata baada ya kuvisugua mpaka vikachubuka. Moyo ulimwenda mbio hata pale risasi ziliponyamaza. Akaacha kuswali, maana hakuona udhu wa kumtosha. Akaacha kuchana nywele. Kutwa alilala amegeukia ukuta wenye madoa ya grisi, akijiona kitu kilichooza ambacho watu wamesahau kukitupa.

Asubuhi moja Daphrose, muuguzi aliyemtibu kule kwenye mahema, alipita mtaani kugawa dawa ya kusafishia maji. Akaulizia habari za Sumaya. Massoudi alikielekeza kichwa kwenye chumba. Daphrose akafungua mlango, harufu ya ndoo ikamrudisha nyuma. Kisha akaingia, akakaa mkekani, akashika mikono ya Sumaya yote miwili.

"Usinishike, dada. Mi ni muchafu."

"Nani alikuambia hivyo?"

 Sumaya alilia kwa kwikwi mpaka akatapika kidogo kwenye kanga, na Daphrose hakumwachia.

Alipotoka chumbani, muuguzi alimkabili Massoudi kwa hasira.

"Massoudi, muke wako alipona zamani. Kolera haiko kwake tena. Kile kinamuua sasa ni hiki chumba!"

"Ni mama alisema..."

"Mama yako njo alimuoa, ama ni we?"

Massoudi akaingia chumbani, akaanza kukunja mkeka. Bi Mwanvua akaingia jikoni akafunga mlango.

Siku ile ile Sumaya alirudi ndani ya nyumba. Lakini alishtuka kila Houda alipomkimbilia, akaficha mikono chini ya nguo. Daphrose alipita mara kwa mara, akamkalisha juani, akamsihi ale, akamwambia kwamba woga ule nao ni ugonjwa, na unatoka polepole.

Massoudi yeye alitaka mambo yarudi kama zamani. Adhuhuri moja alikuja kukaa mkekani ubavuni mwa mkewe.

"Tule pamoja," alisema, akachovya tonge kwenye mchuzi wa Sumaya.

Sumaya alimtazama akilamba vidole, mafuta yakimtiririka kidevuni. 

"Apana. Toa mukono."

"Bado unaumwa?"

"Mi nimepona. Ni we njo unanitia kinyaa."

Massoudi alicheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaurudisha mkono. Sumaya akachukua sahani na mtoto, wakaenda kula upande wa pili wa ua.

Baada ya Idi, Sumaya aliondoka na Houda. Radhia, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Asiatique, alikuwa akitafuta mtu wa kumshonea mapazia, akampa na chumba chenye dirisha kubwa. Bado zilikuwako siku ambazo moyo ulimwenda mbio, akatamani kujisugua ngozi. Siku hizo alifungua dirisha, akamwita Houda, akamsuka nywele taratibu.

Massoudi alipotuma watu wa kumbembeleza arudi, aliwapokea kwa heshima, akawapikia chai. Jibu lake halikubadilika: "Apana."