Vidonge vya Manjano Kabla ya Siku

Daktari Nyambu alisoma karatasi ya damu mara mbili, kisha akavua miwani.

"Mama Jeruto, kinga yako imeshuka vibaya. Ulimeza dawa vile tulikuonyesha?"

"Nilimeza."

Jeruto na mumewe, Kigen, walikuwa wametoka Kachibora alfajiri kuja kliniki hii ya Bungoma. Hapa wanawake ishirini wenye saratani ya matiti iliyosambaa walikuwa katika majaribio ya dawa mbili za kufuatana: vidonge vyeupe siku kumi na nne kuudhoofisha ugonjwa, wiki moja ya kupumzika ili kinga ipande tena, halafu vya manjano.

Kweli alimeza. Lakini vyeupe vilimtapisha hadi akashindwa kusimama, na siku ya kumi akaviacha, akaanza vya manjano siku hiyohiyo. Aliyejua ni Kigen tu. "Ukisema watakutoa kwenye majaribio," alikuwa amemwonya walipofika Kitale. Na uvimbe wa kwapani ulikuwa umeanza kupungua.

"Basi shida ni dawa zenyewe," daktari alisema, akichukua simu. "Lazima tusimamishe kwa wote leo, mpaka tujue."

Kwa wote. Jeruto akamkumbuka Nyaruai wa Kimilili, aliyekuwa kwenye benchi pale nje. Asubuhi hiyo Nyaruai alikuwa amemwambia kwamba tangu aanze vya manjano analala bila maumivu.

Kigen akamfinya mkono. Jeruto akauchomoa.

"Daktari, usipige. Ni mimi. Sikupumzika ile wiki."

Akaeleza yote. Daktari aliweka simu mezani polepole.

"Ungekufa, mama. Homa kidogo tu ingekumaliza."

Alilazwa siku tano, akachomwa sindano za kupandisha kinga. Wenzake kumi na tisa waliendelea na dawa zao. Yeye jina lake lilifutwa. Angetibiwa Kitale kwa dawa za kawaida, ambazo hakuna aliyemwahidi kwamba zingetosha.

Kwa siku mbili Kigen hakukanyaga wodini. Siku ya tatu alikuja na uji kwenye chupa, akamimina kikombe, akaketi.

"Si ungenyamaza tu, bana," alisema, macho yamelowa.

"Nilijaribu," Jeruto alisema, akapokea kikombe. "Kitale wanaanza lini?"

"Jumanne."

"Basi Jumanne twende mapema."