Siku Mwanarusi Aliponyamaza

Mwanarusi wa Bofu hakuwa mtu wa kunyamaza. Waume wawili walikuwa wamemwacha kwa sababu ya mdomo huo, na yule wa pili hata nguo zake hakurudi kuzichukua. Kila asubuhi alikaa kivukoni Likoni na kapu la mahamri, akiuza na kusema, na wateja walikuja kwa yote mawili.

Hapo ndipo Musyoka alipomkuta, mwaka wa hamsini na sita: Mkamba mrefu, kuli wa bandarini, mzito wa maneno. "Hii mahamri haina sukari," akasema. Mwanarusi alimshukia yeye, viatu vyake na kijiji alichotoka, mpaka feri ikamwacha. Kesho yake akarudi, akasema vile vile. Alirudi mwaka mzima.

"Matusi yako siogopi," alimwambia siku moja. "Siku ukininyamazia ndiyo nitajua hunitaki."

Siku aliyoomba kumwoa, watu walikuwa wamejaa, na Mwanarusi akaona haya. Naye akiona haya, ndipo husema zaidi. "Nenda kwanza ukajifunze kusali na kula samaki," akamjibu, kivuko kizima kikacheka. Musyoka hakucheka. Alikwenda zake, na kwa miaka sita Mwanarusi alimtafuta kwa macho katika kila feri, akijilaani.

Wiki chache kabla ya uhuru, akatokea. Kofia kichwani, mvi masikioni, na jina lake sasa Ishaka. Kumbe hakuwa mbali. Alikuwa Mtopanga kwa mwalimu, akijifunza alichoambiwa.

"Miaka yote hiyo?" Mwanarusi akauliza.

"Kusali nilijua upesi. Samaki ndiye aliyenichelewesha. Ana mifupa mingi."

Mwanarusi alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu.

Siku ya ndoa, shangazi yake Dhahabu, aliyemlea, alimshika mkono chumbani. "Sikiza, mwanangu. Hino ni ndoa ya tatu na mji mzima watutazama. Kakako akija kukuuliza, nyamaa. Akirudia, nyamaa. Mara ya tatu ndipo unene umekubali. Leo tu, usijirushe."

"Shangazi, yule mtu nisiponena..."

"Nyamaa."

Shangazi alikuwa amebeba aibu ya talaka mbili kwa ajili yake, na Mwanarusi hakuweza kumkatalia. Akakaa kitandani, mtandio usoni. Wanaume walikuwa barazani, chini ya dirisha lake, na sauti ya Ishaka ikiitikia salamu ilimfikia vizuri.

Bakari, kaka yake, akaja mlangoni. "Mwanarusi, Ishaka ataka kukuoa. Umekubali nikuoze?"

Akauma mtandio. Barazani watu wakatulia wakisikiliza. Bakari akauliza tena. Neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza, na halikumezeka vizuri.

Bakari akakohoa, akangoja kidogo kama desturi, akauliza mara ya tatu.

"Nimekubali," akasema Mwanarusi, kwa sauti yake ya kuuzia mahamri. "Wallahi nimekubali."

Nje hapakuwa na vigelegele. Bwana harusi alikuwa ameinuka baada ya kimya cha pili, akawaomba wazee radhi kwa adabu, nao wakadhani anakwenda msalani. Hakuna aliyemwambia kwamba huulizwa mara tatu. Kila mtu alidhani kila mtu anajua.

Bakari alikimbia mpaka kivukoni, feri ilikuwa ng'ambo. Mtopanga chumba kilikuwa kitupu. Jirani alijua tu kwamba amepanda gari la moshi kurudi kwao. Kwao wapi? Walimgeukia Mwanarusi. Mwaka mzima alikuwa amekitukana kijiji cha yule mtu, na hakuwahi kumwuliza kinaitwaje.

Akarudi kivukoni na kapu, kwani tumbo halijui msiba. Asubuhi moja, bendera mpya zikiwa bado zinapepea, mwanamume mmoja alitafuna akasema mahamri hayana sukari. Waliokuwa karibu wakageuka, wakingoja kumsikia Mwanarusi.

Aliinua uso upesi. Mteja hakuwa Ishaka. Akamwongezea hamri moja bila neno, akajifunika kanga usoni, akalia mbele ya watu wote.