Chupa Tatu Zisizo na Lebo

Unyevu wa kabati la maabara ulikuwa umezila lebo za chupa tatu za unga mweupe. Mwalimu mkuu aliagiza zitupwe. Mwalimu wa kemia akajitia hamnazo, akazipeleka kidato cha pili pamoja na maji, siki na vijiko.

"Mna wiki moja," aliwaambia wanafunzi. "Mniambie kila chupa ina nini, na mmejuaje. Na asionje mtu."

Siku ya kwanza walinung'unika. Aliyeng'aka ni Kasuku, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa kukariri daftari zima bila kukosa nukta.

"Mwalimu, si utuambie tu? Mtihani hauulizi tumejuaje."

"Siwaambii, mwanangu."

Siku ya tatu Kasuku huyohuyo alikuwa amekunja mikono ya sweta, akibishana na wenzake hadi sauti ikamkauka. Kelele zile ndizo zilizomleta mwalimu mkuu. Alisimama mlangoni, akautazama ubao mtupu.

"Noti ziko wapi?"

"Bado wanazitafuta."

"Wewe umeajiriwa kufundisha, si kuangalia watoto wakicheza. Andika noti sasa hivi, la sivyo darasa hili nampa mwingine."

Miaka kumi na miwili mwalimu wa kemia alikuwa akiinamisha kichwa akisikia maneno kama hayo, na watoto wakifaulu mambo wasiyoyaelewa. Alikuwa amechoka, tena amechoka kweli.

"Mpe," akasema. "Mimi siandiki."

Mwalimu mkuu alinyakua chaki, mori umempanda. Akainua chupa moja kwenye mwanga, akaikodolea macho weee, kisha akageukia ubao. "Chupa ya kwanza, chumvi. Andikeni."

Vichwa arobaini vikainama. Mwalimu wa kemia akaanza kukusanya vitabu vyake, machozi ya hasira yakimlengalenga. Kumbe siku tatu zile zilikuwa kazi bure.

"Si chumvi."

Kasuku alikuwa amesimama. Mwalimu mkuu hakugeuka.

"Kaa, uandike."

"Tumeitia siki mara nne, mwalimu. Inatoa povu. Chumvi haitoi." Hakuketi. "Nikiandika chumvi nitakuwa nimeandika uongo."

Akafunga daftari, akaenda hadi mbele na kumwekea mwalimu mkuu siki na kijiko mezani.

"Jaribu mwenyewe, mwalimu. Tunakusubiri."